Muulize Bibi wa Maabara: Mbona mashine yangu inachora vilima?

Barua tatu za mwezi huu zinazunguka kitu kimoja ambacho nilikaa nacho zaidi ya miaka ishirini kabla sijastaafu: tone la zebaki. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana aliyeiandika ndiyo kwanza anaanza kazi, na akianza vibaya atazeeka navyo.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, nakaa Tudor, Mombasa. Niko kwenye mafunzo ya kazi katika maabara moja hapa mjini na nimekabidhiwa mashine ya zamani ya polarografia, ile ya kupima metali zilizomo majini kwa tone la zebaki. Darasani tulifundishwa kwamba polarografia huchora ngazi: mkondo unapanda, kisha unatulia. Hii mashine, swichi ikiwa kwenye mkondo geu (umeme unaokwenda na kurudi), inachora vilima, kimoja kwa kila metali. Mkubwa wangu anasema nisome urefu wa kilima niandike, basi. Mimi nataka kujua ninasoma nini. Na mbona mara nyingine kinatokea kilima kisicho na metali?*

Marahaba mwanangu. Hilo swali la mwisho ndilo linalonifanya niamini kwamba utakuwa mtu wa maabara kwelikweli. Nitalifikia, lakini kwanza tupande ngazi.

Njia ya asili ya polarografia aliianzisha Jaroslav Heyrovský kule Prague mwaka 1922, na mwaka 1959 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake. Zebaki inashuka kutoka kwenye chupa iliyoinuliwa, inapita ndani ya kapilari, yaani mrija wa kioo wenye tundu jembamba kama unywele, na kudondokea kwenye myeyusho wako, tone moja kila baada ya sekunde chache. Wewe unaliwekea lile tone volteji inayozidi kuwa hasi, pole pole. Mwanzo hakuna kitu. Ikifika karibu na −0.4 volti, ukipima kwa elektrodi ya kalomeli, ile ya kulinganishia, ayoni za risasi, yaani chembe zake zenye chaji zilizomo majini, zinaanza kupokea elektroni mbili mbili, zinageuka metali na kuzama ndani ya zebaki. Mkondo unapanda. Halafu unatulia, kwa sababu sasa kila ayoni inayofika kwenye tone inachukuliwa papo hapo, na haziwezi kufika kwa kasi kuliko zinavyoweza kusambaa majini. Endelea mbele: karibu na −0.6 kadimi nayo inapanda, na karibu na −1.0 zinki. Mahali pa ngazi pakakwambia jina la metali, na urefu wake ukakwambia kiasi.

Ni kazi nzuri sana, ila ina kasoro mbili. Kila ngazi imejengwa juu ya mgongo wa ile iliyotangulia, kwa hiyo shaba nyingi mwanzoni inaifunika kadimi kidogo inayokuja nyuma. Na tone lenyewe, kila linapokua, linakula umeme wake wa kujichaji hata kama majini hamna metali yoyote. Umeme huo ndio uliowazuia watu wa zamani kushuka chini zaidi ya miligramu moja au mbili za risasi kwa lita.

Miaka ya 1940, Bruno Breyer na wenzake kule Sydney, Australia, walifuata njia nyingine. Volteji inayopanda pole pole waliiacha kama ilivyo, wakaipandishia juu yake mtikisiko mdogo wa mkondo geu, wa milivolti tano hadi kumi hivi, makumi ya mizunguko kwa sekunde. Kisha wakapima ule mkondo unaotikisika tu. Mkondo mwingine wote waliuacha upite.

Sasa fanya hivi ukiwa na nafasi. Nenda mpaka kivuko cha Likoni. Simama barabarani juu, pale palipo tambarare, upige hatua moja mbele na moja nyuma, mbele na nyuma. Kichwa chako hakipandi wala hakishuki. Teremka mpaka katikati ya ule mteremko wa kuingilia feri, ufanye vilevile. Hatua ni ileile, lakini sasa kichwa kinapanda na kushuka, na pale mteremko ulipo mkali zaidi ndipo kinapopanda na kushuka zaidi. Ukifika chini kwenye tambarare, kimetulia tena.

Mashine yako inafanya hivyohivyo juu ya ngazi ya Heyrovský. Mtikisiko wa milivolti kumi ndio hatua zako. Penye tambarare, kabla ya risasi na baada yake, mtikisiko hauleti mabadiliko. Katikati ya mpando, palipo pakali, kila milivolti inabadilisha mkondo sana. Ndiyo maana unaona kilima, na ncha ya kilima inakaa katikati ya ngazi. Kalamu ikishapita inarudi chini, kwa hiyo metali inayofuata inakuta uwanja mweupe. Ile shaba iliyokuwa ikiifunika kadimi haina nguvu tena.

Upana wa kilima nao uupime, usiupuuze. Kwa metali inayochukua elektroni mbili kama risasi na kadimi, upana kwenye nusu ya urefu ni kama milivolti 45. Kwa kitu kinachochukua elektroni moja ni kama 90. Ukiona kilima cha risasi kimenenepa kupita hapo, ama metali imezuiwa isikimbie, ama kuna vitu viwili ndani ya buibui moja.

Nimesema "isikimbie" makusudi. Mtikisiko unakwenda na kurudi, kwa hiyo ayoni nayo lazima iweze kwenda na kurudi: iingie kwenye tone kama metali, itoke kama ayoni, mara makumi kwa sekunde. Risasi na kadimi zinaweza. Oksijeni iliyomo majini haiwezi, maana ikishapokea elektroni hairudi upesi, na ndiyo sababu oksijeni inayosumbua sana kwenye ngazi haionekani sana kwenye vilima. Wapo watakaokwambia basi usijisumbue na gesi. Usiwasikilize. Pitisha naitrojeni dakika kumi kila sampuli. Oksijeni ikila elektroni pale kwenye tone inaacha hali ya alkali kando yake, na metali yako inaweza kuganda kabla hujaipima.

Haya, sasa kilima kisicho na metali.

Asubuhi moja nilipima maji matupu, yale ya kuanzia siku, yasiyo na kitu ila chumvi ya kloridi ya potasiamu. Nikapata kilima kirefu mbali upande wa hasi, kupita hata zinki. Nikabadilisha maji. Kipo. Nikabadilisha chumvi. Kipo. Nikatoa kapilari, nikaiosha kwa asidi, nikairudisha. Kipo. Siku ya pili nikachukua bika mpya iliyokuwa bado kwenye karatasi yake, nikamimina maji yaleyale, na kilima kikatoweka. Kumbe msaidizi mpya alikuwa ameosha vyombo vyote kwa sabuni ya unga, akavisuuza mara moja tu kwa kuwa maji ya bomba yalikatika.

Sabuni haina metali wala haipokei elektroni pale. Inachofanya ni kujilaza juu ya tone kama utandu wa mafuta juu ya mchuzi. Volteji ikifika kiasi fulani utandu unabanduka, na tone linabadilisha ghafla uwezo wake wa kubeba chaji. Mtikisiko wako unaliona badiliko hilo na kulichora kama kilima. Breyer alilijua, akalitumia kupima vitu vya aina ya sabuni vyenyewe. Kwako wewe unayetafuta metali ni kilima cha uongo.

Utakitambuaje? Angalia kama mashine yako ina kifundo cha kuchagua awamu, yaani wakati gani wa kila mzunguko mashine isikilize mkondo. Kumbuka pembea za Idi uwanjani Makadara. Mtoto akifika juu kabisa kwenye ncha ya mwendo, kwa kitambo kidogo anasimama, kasi yake ni sifuri. Akipita chini katikati ndipo kasi ni kubwa. Mkondo wa kuchaji tone unafuata kasi ya volteji, haufuati kimo chake. Kwa hiyo volteji ya mtikisiko ikiwa kileleni, mkondo wa kuchaji ni sifuri. Unatangulia volteji kwa robo mzunguko kamili. Mkondo wa metali kama risasi unatangulia kwa nusu ya hiyo robo, digrii 45, kwa hiyo wakati ule wa kilele bado upo, karibu asilimia 70 ya nguvu yake. Weka kifundo kwenye sifuri, mashine isikilize pale pembea inaposimama tu. Kuchaji kutanyamaza, sabuni itanyamaza karibu yote, risasi itabaki. Kisha geuza mpaka 90 uone kinachoota. Kilima kilichokuwa kidogo kwenye sifuri kikawa jitu kwenye 90, hicho si chako. Kwa kusikiliza awamu hivi, njia hii inashuka mpaka kiasi cha maikrogramu 20 za risasi kwa lita, kama mara mia chini ya ngazi za zamani.

Hila ya awamu inataka chumvi ya kutosha kwenye myeyusho, angalau gramu 7.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita. Maji yakiwa matamu mno umeme unapita kwa shida, awamu zinachanganyikana, na kifundo chako kinakuwa pambo.

Jambo dogo la mwisho: mizunguko ya mtikisiko usiiweke 50 kwa sekunde wala karibu yake. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni mizunguko 50, na friji ya chumba cha pili itaingia kwenye mchoro wako. Kalamu itapanda na kushuka pole pole kama inapumua, na wewe utadhani ni kapilari. Mimi nilikuwa naweka 75, na bado friji nilikuwa naizima.

*Assalaam aleikum dada yangu. Mimi ni mkazi wa Jomvu, nina kisima uani, na watu wa nyumba kama kumi wanachota kwangu. Zamani jirani yetu alikuwa akivunja betri za magari na kuyeyusha risasi pale nyuma. Kijana wangu ananiambia kuna mashine ya tone la zebaki inayoweza kuiona risasi. Je, wakiyapima maji yangu kwa mashine hiyo na kuniambia "hakuna", niwaachie watu wachote?*

Wa aleikum salaam kaka yangu. Swali lako limenikaa rohoni, maana sote tuliyaona ya Owino Uhuru, hapo hapo kwenu: kiwanda cha betri kuukuu, risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto, mahakama ya hapa Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Unafanya vyema kuuliza kabla hujaambiwa.

Jibu fupi: wakikwambia "hakuna", waulize "hakuna chini ya kiasi gani?"

Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za risasi kwa lita. Nimetoka kumwambia yule binti wa Tudor kwamba mkondo geu, ukiendeshwa vizuri, unaona mpaka kama 20. Maana yake maji yako yanaweza kuwa na 15, mashine isione kitu, na bado yamevuka mpaka. Kwa tope la kisimani, kwa udongo wa pale betri zilipovunjwa, kwa maji machafu ya karakana, njia hii inatosha na inabaki. Kwa maji ya kunywa waombe wafanye ile ya kukusanya kwanza: tone moja la zebaki linaning'inizwa bila kudondoka, linashikiliwa kwenye volteji hasi kwa dakika kadhaa likusanye risasi ndani yake, kisha volteji inarudishwa nyuma na risasi yote inatoka kwa mkupuo mmoja. Mtikisiko uleule wa mkondo geu unaweza kutumika kusoma mkupuo huo, na kiasi kinachoonekana kinashuka mpaka chini ya maikrogramu moja.

Kuna hatari nyingine ambayo sitaki uipuuze. Kama kina mama wanafulia karibu na kisima, sabuni inachuruzika chini. Nimeeleza hapo juu jinsi inavyolifunika tone. Ikilifunika, haileti kilima cha uongo peke yake, inakipunguza na kile cha kweli, kwa sababu risasi haiwezi tena kuingia na kutoka kwa wepesi. Maji machafu yanaweza kuonekana masafi kuliko yalivyo. Kwa hiyo maabara iyachemshe kwanza maji hayo na asidi ya kuunguza sabuni na uchafu wa mimea, na wasisome urefu wa kilima peke yake. Wafanye nyongeza ya kipimo: wanachukua mililita 10 za maji yako, wanasoma kilima, tuseme urefu wake ni vipande 24 kwenye karatasi ya mchoro. Wanatia mililita 0.1 ya myeyusho wa risasi unaojulikana, wa miligramu 10 kwa lita. Hapo wameongeza maikrogramu moja kwenye mililita 10, sawa na 100 kwa lita. Kilima kikifika 60, basi vipande 36 ni maikrogramu 100, na vile 24 vyako ni kama 67. Hayo ni zaidi ya mara sita ya mpaka, na kisima kinafungwa siku hiyo hiyo. Mchoro huo unaweza kuuomba uuone kwa macho yako. Ni haki yako, na fundi mwema atafurahi kukuonyesha.

Kuhusu kuchota: usitumie chupa ya soda iliyosuuzwa. Maabara ikupe chupa yao ya plastiki iliyolowekwa kwenye asidi ya naitriki, na waongeze matone ya asidi hiyo mara tu maji yanapoingia, la sivyo risasi inajishikiza kwenye kuta za chupa na kubaki humo. Chota mara mbili, alfajiri kabla ya mtu kugusa kisima na tena mchana watu wakishavuruga, maana risasi nyingi hukaa kwenye tope la chini. Maji ya visima vya kwetu yana chumvi, jambo ambalo kwa kupika chai ni taabu, lakini kwa mashine hii ni msaada.

Na tafadhali kaka, waambie majirani kwamba kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua, risasi inabaki. Mpaka majibu yatoke, ya kunywa na kupikia nunueni kwingine, hata kama ni kwa mkokoteni, na watoto wadogo wa nyumba hizo wapelekwe wakapimwe damu. Kipimo cha damu hakingoji kipimo cha maji.

*Bibi, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kisauni. Tukisafisha stoo ya maabara tumekuta chupa ya zebaki, ndogo lakini nzito ajabu. Wanafunzi wangu wamesikia habari za polarografia na wanataka tuijaribu. Tufanye?*

Sijambo mwalimu. Msifanye.

Uzito huo ni kwa sababu lita moja ya zebaki ina kilo 13.5. Hatari haiko kwenye uzito. Iko kwenye mvuke usio na rangi wala harufu, na kwa joto letu la pwani mvuke huo unatoka zaidi kuliko Prague. Kazi hii inataka chumba chenye feni ya kuvuta hewa nje, sinia chini ya mashine yote, na mtu aliyezoea. Siku zangu za mwanzo niliingia kazini na pete ya dhahabu. Tone dogo tu, sikulihisi, na jioni pete ilikuwa nyeupe kama fedha upande mmoja. Zebaki ilikuwa imeingia ndani ya dhahabu. Ilikuwa pete ya mama yangu, na haikurudi rangi yake. Tangu siku hiyo nilivua bangili na pete zote mlangoni, nikawavulisha na wengine.

Mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, ili zebaki ipunguzwe kila inapowezekana, kwa kumbukumbu ya watu wa mji ule wa Japani waliolemazwa na samaki wenye zebaki. Maabara nyingi leo zimehamia kwenye elektrodi ngumu zilizopakwa utando mwembamba wa bismuthi, njia iliyotangazwa mwaka 2000, na mtikisiko wa mkondo geu unafanya kazi juu yake pia. Wanafunzi wako wakitaka kuona kilima cha risasi kwa macho yao, niandikie tena, nitakutafutia maabara ya kuwatembeza.

Hiyo chupa usiifungue. Iweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, kwenye kabati inayofungwa, chini, isiwe rafu ya juu. Iandike jina kwa herufi kubwa, na uombe ofisi ya mazingira ya kaunti ikuelekeze pa kuipeleka. Ikipasuka kabla ya hapo, watoe watoto, fungua madirisha, usifagie, maana fagio linavunja tone moja kuwa mia. Yakusanye matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, nyunyiza unga wa salfa kwenye nyufa, na usimwage hata tone moja kwenye sinki.